Namba za Nyuma ya Gari

Muuzaji wetu wa magari haanzi kamwe na boneti. Kutoka dirisha langu la vipuri humwona akimkalisha mteja, akimuuliza hupita barabara zipi, kisha akisikiliza huku kidole gumba kikisugua ukingo wa meza. Akieleza injini ya silinda nne, kiganja chake huteleza hewani. Akifika kwenye ile ya silinda sita hushusha sauti, kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Hapa kwetu, nje kidogo ya Stuttgart, watu hununua injini kubwa, kisha huagiza gari lisibandikwe nyuma zile namba zinazotaja ukubwa wa injini, jirani asijue. Gari la muuzaji mwenyewe pia halina namba hizo.

Alhamisi alirudi Bi Gmelin, mwoka mikate aliyestaafu, ambaye mara mbili alikuwa ameondoka bila kuamua.

"Silinda nne zinakutosha, mama."

"Za kutosha nimeendesha miaka arobaini, mwanangu. Nipe sita."

Muuzaji akatabasamu, akatia alama kwenye fomu. "Namba tunaziondoa. Majirani zako nawajua."

"Hata mimi nawajua, nimewaokea mikate tangu wakiwa wadogo." Bibi akalitazama gari. "Ziache. Wasome."

Kidole gumba kikatulia mezani. Akachukua fomu nyingine, akaijaza upya, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Jumatatu muuzaji alikuja dirishani kwangu kabla hatujafungua, funguo za gari lake mkononi.

"Nitafutie namba," akasema. "Zile za nyuma."