Shemeji na Sufuria ya Ugali

Shemeji, mume wa dada yangu, aliyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria yangu ya ugali, jikoni kwetu Kilburn, huku ughaibuni. Akayamimina kwenye kalibu, vikatoka vichwa vya risasi vizito, vinene kama kidole gumba. Akavipanga dirishani na kutuhubiria mpaka chai ikapoa: eti bastola fupi ya mdomo mpana hupiga teke kama punda, kwa hiyo baruti haipimwi ovyo.

"Shemeji, hiyo bastola umeifyatua lini?" nikamuuliza.

Akakohoa. Bwana mkubwa hajawahi hata kuigusa. Ameiona kwenye simu, na nchi hii raia hapewi bastola kama hiyo.

Sufuria niliitupa siku ileile, kwa kuwa madini yale ni sumu. Yeye siwezi kumtupa, maana dada yangu bado anampenda.