Bakuli Moja la Tambi

Baba yangu alipika hospitalini miaka thelathini na moja, na wauguzi walimwita Mzee Sufuria. Watu mia mbili walikula kwa mkono wake kila siku. Lakini kumpikia mtu mmoja alikuwa hajui, nasema mimi mwanawe.

Mama alipomaliza matibabu ya tumbo, hamu ya chakula ilimtoka kabisa. Vijiko viwili, basi, anageukia ukutani. Daktari alitwambia wazi: asipoanza kula kufikia Jumatatu, atarudi wodini kulishwa kwa mpira wa puani. Mama akaapa harudi. Alhamisi ndipo alipotamani kitu: supu ya tambi na mboga, kama ile aliyokuwa akipewa na mpishi wa wahandisi Wachina, enzi za kusafisha ofisi zao.

Baba akafunga aproni. Akatoa sufuria ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto, akamwaga pakiti tatu za tambi, karoti, kabichi na tangawizi, vyote kwa pamoja, akafunika, akaacha vichemke saa nzima. Mazoea yana taabu. Wodini chakula kigumu ni kesi. Tulipofunua, supu ilikuwa imenywewa yote na tambi, nazo zimevimba.

"Baba, hii ni supu au udongo wa kukandika?"

"Imeiva," akasema.

Mama alionja, akasema asante, akaweka kijiko chini. Gundi ile tuliila sisi siku mbili. Jumamosi akapika nyingine ileile, eti safari hii ameongeza maji. Hapo uzalendo ukanishinda, nikamtolea uvivu. Nilimwambia mama anatutoka huku yeye bado anapikia wodi. Nayajutia maneno yale, ingawa yalikuwa kweli.

 Baba aliingia chumbani kwa mama akaketi ukingoni mwa kitanda, nami nikabaki mlangoni.

"Mama watoto," akasema, "yule Mchina alikuwa anafanyaje?"

Tangu nipate akili sijawahi kumsikia akimuuliza mtu swali la jikoni. Mama alimtazama kwanza, kama anapima iwapo ni mzaha. Kisha akaeleza kwa sauti nyembamba: tambi zinachemshwa peke yake na kuchujwa mapema, supu inachemka kando na tangawizi na uyoga, mboga zinaingia mwishoni, zikibadilika rangi tu unaepua. Vitunguu majani juu, sosi ya soya kidogo.

"Na unasimama palepale," akaongeza. "Siyo unafunika halafu huyoo, unaenda kusoma gazeti."

Jumapili mchana baba alipikia kwenye kisufuria cha chai. Tambi kiasi cha kujaza kiganja, karoti moja iliyokatwa nyembamba, majani manne ya kabichi. Alisimama mikono nyuma, hasogei. Hata mimi nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi.

Mama akapuliza, akavuta tambi, supu ikamrukia kidevuni. Akavuta tena.  Alikula mpaka akainua bakuli akanywa supu iliyobaki, kisha akampa baba bakuli.

"Niongezee."

Baba akatazama kile kisufuria kitupu. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Hakuna," akasema. "Nimepika bakuli moja tu."

"Basi nenda kapike lingine," mama akasema. "Nakungoja."