Nimero Moja, Boti Mbili

Nimefinya kitufe chekundu, nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Radio ya boti inapiga kelele, maana yake ujumbe umekwenda: tuko na shida, kujeni. Moteri imekufa, upepo unatusukuma upande wa Congo, mukubwa wangu, kaka yangu wa tumbo moja, amesimama anapunga shati. Halafu ndani ya radio ikatoka sauti ya patroni wetu, na nyuma yake wageni wanacheka, glasi zinagongana.

"Acheni mchezo! Boti naiona hapa, imefungwa kwenye gati."

Akazima.

Ngoja nirudi nyuma, kwa sababu kabla ya siku hiyo na sisi tulicheka, tena sana, na kile kicheko simwachii mtu.

Ilikuwa wakati wa vita. Barabara ya kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ilijaa mavizio, basi matajiri wakalipenda ziwa. Patroni alikuwa na nyumba ya wikendi ufukoni na boti mbili za kutembezea wageni, Nyeupe na Bluu. Mimi niliendesha Nyeupe, mukubwa wangu Bluu. Siku moja akaleta radio tatu mpya, moja ya nyumbani, mbili za boti. Hizi si zile za kupayuka "halo, halo" ziwa zima likusikie. Unaingiza nimero ya boti unayoitaka, na kule inalia yenyewe kama telefone. Telefone! Sisi ambao tangu kuzaliwa hakuna mtu aliyewahi kutupigia!

Fundi aliyezifunga alisema, "Patroni, kila boti na nimero yake. Ikiisha kuingia, haitoki tena."

Patroni alikuwa na nimero moja tu, iliyobaki ya boti aliyouza zamani. "Zote ni zangu," akajibu. "Weka hiyo hiyo. Likitokea jambo, nitajibu mimi."

Hata mimi niliyeishia mwaka wa nne wa shule niliona hapo iko kasoro. Fundi akainua mabega, akaweka. Kwenye radio ya nyumbani, ile nimero wakaiandikia jina: Nyeupe.

Basi ikawa sikukuu! Patroni akiita, boti zote mbili zinalia pamoja. Sisi tunatupa ndoo na matambara, mbio kwenye gati.

"Nyeupe hapa, patroni!"

"Mwongo huyo! Bluu hapa, mimi ndiye wa kwanza!"

"Yaya, mukubwa wangu, mutu muzima na ndevu zako unakimbilia radio?"

"Na wewe unayekimbia na suruali mukononi?"

Kweli, nilikuwa naoga. Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega, na patroni akazoea kutuita bure tu, awaonyeshe. Mukubwa wangu aliipangusa radio yake kila asubuhi kwa shati la kuendea misa. "Amahoro, mama," anaisalimu. Mpishi wa nyumba, mama mmoja mkali, akatuuliza mahari ya hizo radio tutapeleka kwa nani. Huko milimani bunduki zinalia, huku sisi tunashindana kuitika. Furaha ya kijinga namna ile sijaipata tena.

Kisha mgeni mmoja, amelewa, akashika mikro ya Bluu, ile ya kusemea, awaimbie wenzake. Akaivuta, akazunguka nayo, waya ukakatika.

"Patroni, sasa tutasikia lakini hatutasema," mukubwa wangu akamwambia.

"Kitufe chekundu iko. Inatosha."

Jumapili iliyofuata akatutuma sisi wawili na Bluu, tulete mikeke, wale samaki wa ziwa letu, ya wageni kutoka Magara. Tuliporudi moteri ikafa. Yaliyofuata nimekwisha kuwaambia. Tulifinya tena, nyumbani radio ilikuwa imezimwa.

Mpishi alinieleza baadaye. Radio ilipopiga kelele, kioo kiliandika Nyeupe. Patroni akachungulia dirishani, Nyeupe ile pale. Mpishi akamwambia, "Lakini patroni, Bluu iko Magara na watu wetu." Akamjibu aende akaangalie mafuta yasiungue.

Saa kumi wanajeshi walikuwa wanafunga ziwa. Boti ya kukutwa nje baada ya hapo inahesabiwa ya waasi. Mukubwa wangu akavua viatu.

"Mudogo wangu, baki na samaki. Mimi naogelea. Nikifika nitamwambia mwenyewe, mudomo wangu haujakatika waya."

Tukacheka. Naapa, tulicheka wote wawili, na yeye akaruka majini bado anacheka.

Mimi wavuvi wa Magara walinivuta kabla ya saa kumi. Yeye walimwokota kesho yake.

Fundi aliinua mabega: ana lake la kujibu. Mgeni aliyeimba: ana lake. Lakini wewe, patroni, uko hai, nimekuona Bujumbura, umenenepa, una boti nyingine. Ulisema mbele yetu kwamba likitokea jambo utajibu wewe. Mukubwa wangu, uliyekuwa ukimwita bure awachekeshe wageni, hakukosa kuitika hata siku moja. Boti yake ilikuita mara mbili tu. Jibu.