Maji ya Sukari ya Mama Mkwe

Wifi yangu Wilaiwan alisoma mpaka tukachoka kumsubiri. Wenzake kijijini wana wajukuu, yeye ana panya wa maabara. Nilikuwa namcheka usoni, si kisogoni.

"Wifi, hao panya ndio watakaokuzika?"

"Utanizika wewe," hunijibu, "kwa huo mdomo wako."

Alichokuwa akitafuta tulikijua. Kwetu huku Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, mwanaume mzima wa afya hula karamu akashiba, akalala, asubuhi miguu haisogei. Wazee husema ni pepo mjane anatafuta mume. Ndiyo maana wanaume hupaka kucha rangi nyekundu, ili pepo awadhanie wanawake. Baba mkwe alikufa hivyo hivyo, Wilaiwan akiwa mtoto. Mama mkwe alikuwa akimnywesha maji ya sukari apate nguvu.

Wilaiwan habari za pepo hakuzikubali. Miaka nenda miaka rudi alipima damu za wanaume wetu huko mjini Khon Kaen, akachunguza homoni za tezi ya shingo. Zikizidi, alisema, potasiamu huitoroka damu ikajificha kwenye misuli, na vitu vitamu huzidi kuifukuza. Basi kila kijiji akaonya: mgonjwa wa namna hii asipewe sukari. Kwao tu hakuthubutu. Akija, anazungumzia mvua na mpunga.

Mwanangu aliponyolewa nywele kuingia utawa wa Kibudha, tulikula wali wa kunata na vitamu bila kiasi. Asubuhi mume wangu Samran anatazama dari, miguu imelegea, kucha zake nyekundu vilevile. Niliogopa nikashindwa hata kulia. Mama mkwe tayari anakoroga sukari kwenye bilauri ya maji.

"Mama, weka chini," akasema Wilaiwan, aliyekuja kwa sherehe.

"Kaka yako hana nguvu. Anywe kidogo tu."

"Hata tone. Moyo utasimama."

"Nani kakwambia, panya wako?"

Wilaiwan akamshika mkono. "Mama, sukari hiyo itamuua."

Mama mkwe akaitazama bilauri, kisha akamtazama binti yake. "Baba yako nilimpa. Alikunywa yote."

Mimi ningedanganya, Mungu anisamehe. Wilaiwan hakudanganya.

"Ndiyo, Mama. Ulikuwa hujui."

Bibi wa watu akaenda dirishani akayamwaga yale maji. Tukambeba Samran hospitali, wakafuatilia moyo wake na kumnywesha potasiamu kidogo kidogo. Jioni alisimama, akanigombeza kwamba wali umepoa. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Mama mkwe hakumsemesha binti yake mpaka mwezi ukaandama. Siku moja akapanda gari la Wilaiwan bila kualikwa.

"Nipeleke kwenye vijiji vyako. Wewe hawakusikii, huna mume wala mtoto."

Sasa husimama mbele ya wanawake wenzake, mgongo umempinda, sauti haitetemeki. "Mume wangu nilimuua mimi," huwaambia, "kwa mkono huu, na nilimpenda. Haya, waiteni waume zenu, mwanangu awatoe damu."

Na wanawake huenda kuwaita.