Maji ya Kufuturia

Mimi tangu utotoni sijui kutulia. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni, na hakunionea. Lakini mwaka ule wa makaa ya mawe sikutulia hata nilipolala, na sababu ilikuwa bustani yetu ya tambuu.

Bustani ilikuwa mtaa wa Dunda, nyuma ya nyumba za mwisho, chini ya mteremko. Mitambuu ile mama aliirithi kwa mama yake. Mtambuu ni mmea wenye deko: unataka kivuli, unataka mti wa kuparamia, na mvua ikikatika unataka maji asubuhi na jioni. Tulichota kisimani kwa kata, tukamwagia shina moja moja. Mtaa mzima ulichukua kwetu majani ya tambuu, ya kutafuna harusini na sikukuu. Mama alikuwa mjane, na bustani ile ndiyo iliyotulisha na kutuvika.

Juu ya mteremko kulikuwa na kiwanja cha mjomba, kaka mkubwa wa mama. Miaka ile merikebu za moshi zilikuwa zimeanza kuzidi, na wakala mmoja wa merikebu hizo alitafuta mahali pa kuweka makaa ya mawe. Mjomba akampa kiwanja. Wapagazi wakapandisha makapu kutwa, rundo likapita paa la nyumba, wala halikufunikwa hata kwa kuti bovu. Masika yote mvua ikalinyeshea. Mimi nilinung'unika tangu siku ya kwanza, kwa kuwa vumbi lake lilinichafulia nguo kambani. Maji sikuyafikiria.

Masika ilipokwisha tukarudi kisimani, tukakuta maji yamekuwa meupe pee. Siku zote kisima chetu kilikuwa na maji ya udongo, kama yaliyooshewa mchele. Sasa unaona mchanga wa chini. Mama akafurahi, akasema ni baraka ya mwezi, maana Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeandama. Kando ya kisima palikuwa na wekundu wa kutu. Nikadhani ni udongo ulioporomoka.

Miezi mingine, ukifika bustanini unaanza kwa kunywa kata moja. Mwezi ule hakuna aliyeyatia mdomoni. Tulitawadha na kusali nyumbani, kwa maji ya kisima cha msikitini, na ya futari na daku yalikuwa hayo hayo. Ya bustani yalikuwa ya mitambuu peke yake.

Majani yakaanza kugeuka manjano nchani, halafu yakakauka kingo. Mama akasema ni kiu. Tukaongeza maji. Tumefunga, jua la utosi, midomo imepasuka, na tunachota. "Ongeza, mwanangu, haijashiba," aliniambia, nami naongeza, na mitambuu inazidi kusinyaa. Nikawa naamka alfajiri kwenda kuitazama, narudi nyumbani, natoka tena. Nikipika naunguza, nikishona najichoma. Idi ilikuwa inakaribia na watu wameshaagiza.

Ndipo zikaingia siku zangu, zile ambazo mwanamke hafungi. Kwetu jambo hilo halitangazwi. Unakula kwa kujificha, na mbele ya watu unakuwa kama wenzako. Basi nikaingia nyuma ya migomba na kata yangu ya maji ya kisima, nikapiga funda kubwa, nikalitema lote. Yalikuwa makali, machachu, yakanikaza meno kama niliyelamba jembe lenye kutu. Nikatazama juu. Kutoka chini ya rundo maji membamba yalikuwa yakichuruzika, yameacha wekundu njia nzima mpaka kisimani. Hasira zilinipanda hadi kichwa kikaniuma. Kumbe sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukiinywesha mitambuu sumu, tena kwa bidii.

Nilimwambia mama. Hakuuliza mara mbili. Alijitanda ukaya wake, tukaenda kwa mjomba.

Mjomba alikuwa barazani na majirani zake wawili, tasbihi mkononi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba. Mama akamweleza kwa adabu: makaa yanaharibu kisima, leo hii maji yamekutwa machachu, mitambuu inakufa, ayahamishe.

"Maji yale nimeyaona," mjomba alisema. "Hayana rangi, hayana harufu. Nani aliyeyanywa akajua?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kusema ni mimi ni kuanika hali yangu mbele ya wanaume wale. Hata hivyo, kwa hasira nilizokuwa nazo, nilikwisha kufungua mdomo. Mama akanifinya mkono.

"Mimi," akasema.

Mama alikuwa amekwisha pita umri wa siku hizo, na kila aliyekaa pale alijua. Tasbihi ikasimama.

"Mchana wa Ramadhani?"

"Mchana, kaka."

"Basi nenda katubu. Mambo ya maji tutazungumza baada ya Idi."

Njiani nililia kwa uchungu. Nikasema narudi nikaseme kweli.

"Nyamaza," mama aliniambia. "Mimi mzee, watanisema mpaka wachoke. Wewe bado utaolewa mji huu huu. Huo uongo nitaujibu mwenyewe kwa Mungu."

Kila magharibi mama alimpelekea kaka yake sinia la futari: tende, muhogo wa nazi, na kuzi la maji. Jioni ile aliniambia kuzi nikalijaze bustanini. Nikalipeleka kwa mjomba, nikasimama kando ya mlango wake. Adhana ikalia. Mjomba alikuwa na desturi ya kutanguliza maji kabla ya tende. Akajimiminia, akapiga funda, akalitema barazani mbele ya majirani wale wale.

"Ni ya bustani, mjomba," nikamwambia. "Mama amesema uonje."

Aliitisha maji mengine, akainuka kwenda kusali. Kesho yake wapagazi wakaanza kuteremsha makapu.

Mitambuu mingi ilikufa hata hivyo, na Idi ile watu walitafuta tambuu kwingine. Mama alikata vipande vya shina vilivyobaki na ukijani, akavifunga kwa magamba ya mgomba yenye maji, nikavipeleka kwa jamaa zetu kijijini Kerege. Huko vilishika. Kisima chetu kilirudia utamu wake baada ya mvua nyingine.

Lakini maneno hayakuondoka. Wanawake wa mtaa walimwita mama yule aliyekunywa mchana, na mjomba hakumkanya mtu. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipopita, mama akafunga siku moja ya kulipa, siku ambayo hakuila. Asingelipa, watu wangeuliza, na wangefika kwangu. Alikaa barazani kutwa ili aonekane. Mimi nilikuwa na zangu za kulipa kwelikweli, nikafunga naye, nikakaa pembeni yake.

Magharibi mjomba akaja mwenyewe na kuzi la maji. Akamimina, akaonja kwanza yeye, kisha akampa dada yake. Mama akanywa, akabakisha nusu, akanipa mimi. Nikanywa. Mjomba alinitazama mpaka nilipomaliza, halafu akamtazama mama. Akaketi chini, kwenye mkeka wetu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kumbe siku ile aliyeonja ni mtoto."