Mguu wa Dada Yangu

Dada yangu mkubwa anachechemea. Siku tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania aliteleza akishuka kwenye lori, mimi nikiwa mgongoni mwake. Hakunyoosha mikono kujikinga. Alishika kanga iliyonifunga. Sikupata hata mchubuko. Mguu wake wa kushoto ulivunjika, ukaungwa vibaya ukapinda, na kwa mguu huohuo anabeba ndoo za mawese huko Minago mpaka leo.

Kwa hiyo mwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Rumonge aliponiagiza sanamu ya mama aliyebeba ndoo, sikutafuta mtu mwingine. Dada alisimama uani, ndoo kichwani, akilalamika kwamba mihogo yake inaungua jikoni. Nilifunga nondo, nikavika wavu wa chuma, nikapaka saruji tabaka juu ya tabaka. Kazi ilikuwa kiunoni. Mtu wa mguu uliopinda hupeleka mzigo upande, shingo ikaurudisha. Nilibomoa, nikajenga tena, mpaka ikasimama kama yeye.

Siku ya uzinduzi nilimpeleka dada, amevaa kitenge kipya. Kitambaa kilipovutwa watu walipiga makofi. Mimi niliganda. Mguu ulikuwa umenyooka! Mwenye hoteli alikuwa amemwita mwashi nisijue, akaujaza saruji, akausawazisha, kisha sanamu nzima ikapakwa rangi ya dhahabu.

Dada aliizunguka polepole. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Mguu yangu mumeweka wapi?"

"Mama, usikasirike," mwenye hoteli akacheka. "Wageni wanakuja kupumuzika. Hawaji kuangalia kilema."

Kilema! Nyundo na patasi vilikuwa kwenye pikipiki yangu. Nilivichukua nikaanza kugonga pale pale, wageni wakikimbia na soda zao. Saruji ya uongo ilianguka mabonge mabonge. Hasira haina kipimo: pigo moja lilipita kiasi, goti la sanamu nililolijenga mwenyewe likapasuka, nondo zikaonekana.

"Umeharibu mali yangu!"

"Wewe ndiye umeanza!"

Walinzi waliniburuta mpaka barabarani.

Sanamu ilitupwa nyuma ya jikoni, kwenye maganda ya ndizi. Dada alipopata habari hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe, akamwambia yule bwana, "Ile iko mimi. Mimi sikai mu takataka." Akarudi nayo kwenye mkokoteni, vijana wanne wakisukuma.

Sasa imesimama uani kwake, karibu na anapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Goti nimelitengeneza. Dhahabu nimeikwangua, ingawa nyingine imegoma kutoka kwenye mikunjo ya kitenge. Jirani mmoja hutundika nguo zake mkononi mwa sanamu, na dada hamkatazi.

Hotelini wameweka twiga wa saruji. Twiga, huku kwetu kwenye ziwa! Rafiki zangu wananiambia nisahau, kazi zipo nyingi. Kila ninapopita pale nikielekea Kigwena natema mate, na sijutii.