Nilitoa Bitana Kwenye Buibui la Zuhura

Niiteni mjinga, niiteni msaliti, yote nakubali. Kosa ni langu. Nimechoka kusikia watu wa hapa Voi wakimsema Zuhura kwa kitu nilichofanya mimi, na nimechoka zaidi kujisikia mwenyewe nikinyamaza.

Zuhura ni rafiki yangu tangu fomu wani. Mimi ndiye nilimwonyesha ile gemu ya kuishi-ishi, unaunda mtu wako, unamjengea nyumba, unamvalisha. Mimi nilikuwa nacheza tu. Yeye hata wiki haijaisha akauliza mbona humo ndani hakuna nguo hata moja ambayo mamake angevaa. Ndio akaanza kuziunda mwenyewe, kwa laptop yangu, pale kwetu mtaa wa Kaloleni.

Mamake ni fundi wa mabuibui. Huyo msichana amelelewa chini ya cherehani, kwa hivyo buibui lake la gemu alilishona kama la ukweli. Pindo, nakshi mikononi, mpaka bitana ndani. Bitana! Nani anawekea nguo ya gemu bitana? Na yule mtu wa kulivaa akampa sura yake mwenyewe, mpaka kidoti cha shavuni.

Sasa, Zuhura anataka kwenda Mombasa kusomea hizi kazi. Mamake hakukataa, lakini tangu babake afariki neno la mwisho ni la mjomba, yule mwenye migomba kule Mboghoni. Mjomba alikuwa anakuja Jumapili. Tungemwonyesha buibui kwenye televisheni. Akiridhika, Zuhura anaenda. Asiporidhika, ni cherehani.

Shida ni kwamba buibui lilikuwa zito. Kama huchezi, elewa hivi: nguo ya gemu ni pembetatu ndogo ndogo zimeunganishwa, ndio tunaita poligoni. Zikizidi, laptop inahema na mtu wako anatembea kama amebeba gunia. Lazima uzipunguze bila kuharibu umbo. Zuhura alikuwa anazipunguza kwa mkono, pale mgongoni pasipokunjika, za magoti na nyonga anaziacha. Anatoa kidogo, anamkalisha mtu, anamsimamisha, anamzungusha. Anatoa tena kidogo. Yaani Ijumaa nzima nimekaa kando naangalia, na nguo bado nzito!

Nikamwambia atoe bitana, ndiyo nusu ya uzito na hakuna anayeiona. Akakataa. Akanieleza kwamba kitambaa cha gemu kinaonekana upande wa nje tu, ukikitazama kwa ndani ni hewa, na bitana ndiyo inaziba.

"Ukiitoa, akiketi utamwona mpaka paja," akasema. "Usiiguse. Nitamaliza kesho."

Kesho yake mamake akamshikilia dukani, kulikuwa na nguo za harusi. Mimi niko nyumbani na laptop na haraka zangu. Nikaona huyu anatuchelewesha tu. Nikafuta bitana. Halafu kuna kile kitufe cha kutelezesha, kinachopunguza kila mahali kwa mkupuo mmoja, nikakivuta mpaka katikati. Buibui likawa jepesi kama nini! Nikamtembeza mtu mbele, nikamrudisha, poa kabisa. Nikahifadhi juu ya faili ile ile. Sikumkalisha hata mara moja.

Nikamwandikia Zuhura kwamba kazi imeisha. Akauliza, bitana je? Nikamjibu, ipo.

Hapo ndipo najichukia. Kufuta ni ujinga, sawa. Lakini "ipo" niliiandika kwa vidole vyangu, najua haipo.

Jumapili sebule yao ilijaa. Mjomba kwenye kochi na kahawa yake, Mama Zuhura karibu na mlango, na binamu mmoja anaitwa Swaleh, ambaye simu haimtoki mkononi. Zuhura akamtembeza mtu wake. Mjomba akasogea mbele, akauliza hiyo nakshi ya mikono imechorwa na nani, akaambiwa ni Zuhura. Nikamwona Mama Zuhura anaanza kutabasamu.

Kisha mjomba akasema, bila ubaya wowote, "Hebu mkalishe kitini tumwone."

Zuhura akamkalisha.

Magoti yakatoboa kitambaa. Pindo likageuka hewa. Kwenye ile televisheni kubwa akawa ameketi mtu mwenye sura ya Zuhura, kifuani buibui, chini mapaja wazi. Swaleh akacheka. Mjomba akageuza uso ukutani.

"Zima," akasema. "Hii ndiyo kazi unayotaka kusomea? Kujivua mbele za watu?"

Zuhura aliniangalia mara moja. Alijua. Mimi nimeshika sahani ya kaimati, mdomo umejaa, na sikusema kitu. Yeye naye hakunitaja. Akafunga laptop, akanirudishia kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Na Swaleh alikuwa amerekodi! Damu yake mwenyewe! Akaweka kwa statasi ya simu yake, na Jumatatu vijana wa stejini kwa matatu wakawa wanamwita Zuhura Mapaja. Ukiwauliza wanasema ni gemu tu. Gemu tu? Basi wekeni sura za dada zenu pale mcheke!

Nilikaa siku nyingi nikijiambia itapoa. Haikupoa. Nikaenda dukani. Mama Zuhura alikuwa anakata kitambaa, Zuhura nyuma kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Nikaamkia, nikamwaga yote, hata lile neno "ipo". Nikangoja kutukanwa.

"Nilijua, mwanangu," Mama Zuhura akasema, na mkasi haukusimama. "Zuhura hajapata kushona nguo bila bitana. Nilikuwa nakutazama pale sebuleni. Nilingoja useme mjomba wake akiwa bado amekaa."

Nikaomba nimpigie mjomba. Akanipa simu yake. Nikaeleza tena, naye akasikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru kwa kusema. Nikadhani nimeponya kitu.

"Lakini nikuulize, binti yangu," akasema. "Wewe ndiwe rafiki yake wa karibu. Wewe ndiwe uliyekaa kimya. Huko Mombasa nitamwachia nani?"

Cherehani ya Zuhura ilikuwa imenyamaza, simu ilikuwa na sauti kubwa, alisikia kila neno. Kisha ikaanza tena kushona.

Basi hajaenda. Wenzake wameanza masomo, yeye anatia vifungo. Laptop iko kwangu, gemu iko ndani, siwezi hata kuifungua. Nina hasira na Swaleh, nina hasira na mjomba aliyeamua maisha ya mtu kwa kiti kimoja, lakini nikizunguka kote narudi kwangu.

Wewe unayepunguza poligoni kwa haraka, ile sehemu unayoona haina kazi, muulize aliyeiweka kabla hujafuta. Mkalishe mtu wako, mwinamishe, mpandishe ngazi. Na kama umeshaharibu, sema hapo hapo, watu wakiwa bado wamekaa. Mimi nilisema kila mtu ameshaondoka, na ukweli wangu ukamfungia Zuhura mlango mara ya pili.